Miezi Sita ya Mwanzo Berlin: Kwa Muuguzi Anayekuja

Kabla hujanunua sufuria, andika jina lako kwenye sanduku la barua. Nyumba za Berlin hazina namba za milango kama tulivyozoea kwenye maghorofa ya Dar es Salaam. Jengo lina namba yake mtaani, lakini ndani kila mlango unajulikana kwa jina la ukoo la anayeishi humo. Jina liko kwenye kengele nje, na liko tena kwenye sanduku la barua chini ya ngazi. Mleta barua asipoliona jina lako, barua inarudi ilikotoka. Ukipanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, jina lililobandikwa ni la mwenyeji wako, si lako. Mwombe ruhusa siku ya kwanza, kata kipande cha karatasi, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike chini ya la kwake. Ni kazi ya dakika tano.

Nimeanza na sanduku kwa sababu mji huu unazungumza kwa barua. Nyumbani jambo huwa halijawa jambo mpaka mtu aje alitamke: anabisha hodi, anakaa, anauliza habari za watoto, ndipo anasema kilichomleta. Berlin jambo huwa jambo likishaandikwa. Kadi ya bima ya afya inakuja kwa posta. Namba ya kodi inakuja kwa posta. Namba ya siri ya benki inakuja kwa bahasha yake, siku tofauti na kadi. Na mtu anayekudai hakupigii simu, anakuandikia. Wiki za mwanzo utaona watu hawasemi nawe, utadhani hawakutaki, kumbe nusu ya wanayotaka kukwambia yako chini ya ngazi.

Mimi nilifika Novemba, nikakuta barua za Kijerumani kirefu, na kila nilipotoka zamu nilikuwa nimechoka mno. Nikawa naziweka juu ya friji. Moja ilikuwa bili ndogo, haikufika yuro 30. Nilipokuja kuifungua, chini yake kulikuwa na mbili nyingine za jambo lile lile, na ya mwisho ilikuwa imeandikwa *Mahnung* kwa herufi nzito. Maana yake ni onyo la deni, na mara nyingi onyo huja na nyongeza ya malipo. Hakuna aliyenionea, niliandikiwa mara tatu. Siku hiyo nilinunua faili gumu la pete mbili na kitobozi cha karatasi, vitu ambavyo kila nyumba ya Mjerumani inavyo, na tangu hapo sijalala na barua ambayo haijafunguliwa.

Ukifungua barua, usianze kuisoma mstari wa kwanza. Tafuta kwanza tarehe iliyo juu, halafu mstari mzito ulio peke yake, ndio unaosema barua inahusu nini. Kisha tafuta neno *Frist*, yaani siku ya mwisho ya kujibu au kulipa. Hayo matatu ukishayapata, piga picha, itafsiri kwa simu, ipeleke kesho kazini umuulize mwenzako. Hakuna atakayekushangaa, maana hata wenyewe wanaombana msaada wa barua za ofisini. Unapojibu jambo zito, jibu kwa maandishi na ubaki na nakala. Mkataba wa simu au wa mazoezi hauufungi kwa kuacha kwenda. Usipoandika barua ya kuuvunja, unaendelea kudaiwa.

Hatua ya kisheria ya kwanza ni kujiandikisha anwani, *Anmeldung*, kwenye ofisi ya wakazi inayoitwa *Bürgeramt*. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Unakwenda na pasipoti, fomu, na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi kwake. Bila hiyo karatasi ya mwenye nyumba utarudishwa, kwa hiyo mtu akikupangisha chumba na kukwambia "ila hapa huwezi kujiandikisha", chumba hicho kiache hata kama ni rahisi. Tabu ya Berlin ni miadi, maana nafasi zinajaa. Ingia mtandaoni asubuhi na mapema, watu walioahirisha huachia nafasi. Usijifunge kwenye wilaya unayoishi, ofisi yoyote ya mji itakuhudumia. Karatasi utakayopewa siku hiyo ndiyo ufunguo wa mambo mengine yote, na namba ya kodi itakuja kwa posta baadaye kwa anwani hiyo hiyo. Mwajiri asipoipata namba hiyo kwa muda mrefu, anaweza kulazimika kukukata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote. Fedha iliyozidi hurudishwa, lakini mwezi huo utaumia.

Hapo ndipo inapoingia habari ya mshahara, nami naomba uisome mara mbili. Mkataba wako unataja mshahara kabla ya makato. Kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzee vyote vinatoka humo. Kwa mtu asiye na ndoa wala mtoto, theluthi nzima inaweza kuondoka. Na kama vyeti vyako bado vinakaguliwa, utafanya kazi kwanza kama msaidizi wa uuguzi, kwa mshahara wa msaidizi, mpaka umalize kozi ya kujazia au ufaulu mtihani wa maarifa. Kijerumani cha daraja la B2 nacho ni sharti. Nyumbani hawajui haya. Wao wamesikia tarakimu ya kwenye mkataba, wameizidisha kwa shilingi, na mjomba tayari ana kiwanja amekiona. Usimwahidi mtu kitu chochote kabla ya kuzishika mkononi hati tatu za mshahara. Ukishazishika, toa kodi ya nyumba, nauli na chakula, kisha panga kiasi kimoja cha kutuma kila mwezi, na wazazi uwaambie wazi tarakimu iliyobaki. Mama yangu nilimsomea hati yenyewe kwenye simu, mstari kwa mstari. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hawakuachii?" Hakuniomba tena kwa ajili ya watu wengine.

Kuhusu nyumba nitakuwa mfupi. Usilipe dhamana kabla hujaiona nyumba kwa macho na kushika funguo, maana matapeli wa picha nzuri wapo wengi. Dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za maji na joto, na unayo haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Usishangae kukuta nyumba haina jiko wala balbu, wengi huondoka navyo. Milango mingi ikijifunga nyuma yako haifunguki kwa nje bila ufunguo, na fundi wa kufuli usiku hutoza fedha nyingi. Mwachie jirani au rafiki ufunguo wa pili.

Sasa kazini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wenzetu wengi huvunjika moyo.

Ulikotoka wewe ni mtu wa kuweka dripu, kufunga vidonda, kuzalisha pengine, kusimamia wodi ya vitanda 40 na msaidizi mmoja. Mgonjwa anaogeshwa na dada yake, analishwa na mama yake, nguo zake zinafuliwa na ndugu waliolala uani. Wodi ya hapa haina hao ndugu. Wageni huja saa zao na maua, wanakaa, wanaondoka. Kwa hiyo asubuhi yako ya kwanza utapewa beseni, vitambaa viwili na glavu, na utaoneshwa mzee wa miaka 80 anayesubiri kuogeshwa. Na kuweka dripu, ulichokifanya gizani kwa tochi ya simu, mara nyingi utaambiwa ni kazi ya daktari.

Nililia chooni siku ile. Niliona nimeshushwa. Aliyenifungua macho ni muuguzi mwenzangu mwenye miaka mingi kazini. Hakunipa maneno ya kunifariji, alinichukua tukaogeshe pamoja. Kitambaa cha kwanza ni cha uso, bila sabuni, macho yafutwe kuanzia pembe ya nje kwenda puani. Mgonjwa anayeweza kuutumia mkono wake humwoshi wewe, unampa kitambaa aoshe mwenyewe, hata ikichukua dakika kumi. Huku mgonjwa anaosha, mwenzangu alikuwa anaangalia: ngozi ya kisigino imeanza kuwa nyekundu, pumzi imebadilika tangu jana, mguu mmoja umevimba kuliko mwingine. Tulipotoka aliandika mistari sita. Nikaelewa kwamba kwao huko kuogesha ndiko kumpima mgonjwa, na anayemwogesha ndiye anayejua hali yake kuliko wote. Hiyo kazi ni ya uuguzi kamili. Ukiifanya kwa mkono wa nusu kwa sababu unaona umedhalilishwa, watu wataona, na mgonjwa ataona kabla yao.

Salamu zina mahali pake. Watu watakwambia Wajerumani hawasalimiani. Si kweli. Kwenye treni hawasalimiani, ni kweli. Lakini ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari, unawasalimu wote waliokaa, nao wanaitikia. Kwenye ngazi za jengo, jirani usiyempa *Hallo* atakuona huna adabu. Kazini unasalimia kila unapoingia zamu, na mchana watu wakikutana koridoni hutamkiana *Mahlzeit*, kama kutakiana chakula chema. Zijue sehemu hizo, uzitumie, na utaona nyuso zinalegea. Ila usimuulize mtu habari za nyumbani, za watoto na za afya kwa mfululizo. Kwake kila swali ni swali kweli, atakujibu kwa urefu, au ataona unamchunguza.

Heshima nayo imepangwa kwingine. Sisi tunaangalia umri: aliyekuzidi unampa shikamoo. Wao wanaangalia ukaribu. Msiyezoeana mnaitana *Sie*, hata kama mmoja ana miaka 70 na mwingine 25, na yeye mzee atakuita hivyo hivyo. Mkishazoeana mnaitana *du*, na mwenye kuufungua mlango huo kwa kawaida ni mkubwa wa umri au wa cheo. Wodini wenzako watakwambia *du* siku ile ile. Mgonjwa mpe *Sie* siku zote, pamoja na jina lake la ukoo. Usimwite mzee "bibi" kwa kutafsiri, ingawa najua ulimi utakuvuta huko kwa mapenzi.

Kukosolewa kutakuuma. Mtu atasimama mbele yako aseme *Das ist falsch*, hili ni kosa, bila utangulizi na mbele ya wengine. Halafu baada ya nusu saa atakuuliza kama unakuja kunywa kahawa. Usiku utakuwa ukiligeuza geuza neno lile, yeye alishalisahau. Kosa limetajwa, limekwisha. Kinachowakera kwa kweli ni kitu tulichofundishwa kuwa ni adabu, yaani kuitikia "ndiyo" ili usimsumbue mkubwa. Ukisema umeelewa, kwao umeelewa. Makabidhiano ya zamu yanakwenda kasi, kwa vifupisho na lafudhi ya Berlin. Ukikosa neno, inua mkono, sema hukuelewa, rudia kwa sauti dawa na kipimo. Mimi niliitikia mara moja bila kuelewa, na kama mwenzangu asingeniuliza tena, mgonjwa angekosa dawa yake ya usiku. Tangu siku ile naandika kila kitu kwenye kijidaftari cha mfukoni, na ninauliza mpaka nielewe.

Na saa. Hii inatupata sisi Waswahili mara mbili. Kwanza tuna saa zetu zinazoanza alfajiri, na tunazigeuza kichwani. Kisha Mjerumani anakwambia *halb drei*. Neno kwa neno ni "nusu ya tatu", na aliyesoma Kiingereza anaharakisha kuona ni nusu saa baada ya saa tatu yao. Sivyo. Ni nusu saa kabla ya saa tatu yao, yaani kwetu saa nane na nusu mchana. Nilifika kwenye kikao saa tisa na nusu, viti vimeshapangwa. Mpaka uzoee, omba uandikiwe: 14:30. Na zamu inayoanza saa kumi na mbili asubuhi ina maana kwamba wakati huo umeshavaa sare na umekaa kwenye makabidhiano.

Ukiugua, piga simu wodini kabla zamu haijaanza. Ugonjwa ukizidi siku tatu sheria inataka cheti cha daktari, na mwajiri ana haki ya kukitaka mapema zaidi, kwa hiyo angalia mkataba wako. Usije kazini na homa ukidhani wataona juhudi, wataona umeleta maradhi wodini. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya wiki mbili. Usihame, usikope, usilete mtu kabla ya kuupita.

Kuna jambo zito ambalo sitalificha. Utakutana na mgonjwa atakayesema hataki kuguswa na wewe. Si wengi, lakini wapo. Usibishane naye, usimbembeleze. Toka, mwambie mkuu wa zamu hapo hapo, kisha andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo. Kama ubaguzi unatoka kwa mwajiri au wafanyakazi wenzako, nenda kwa baraza la wafanyakazi, na kumbuka kwamba sheria ya kupinga ubaguzi ya mwaka 2006 inakupa miezi miwili tu ya kudai kwa maandishi. Wenzetu wengi hunyamaza, wanasema ni mgeni atafanyaje. Barua inafanya kazi kwa upande wako pia. Itumie.

Barabarani mambo ni machache. Treni hazina mageti, lakini wakaguzi wenye nguo za kawaida wapo, na faini ni yuro 60. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kabla ya kupanda. Uwanja wa ndege uko kanda C, na tiketi ya AB haitoshi. Usisimame kwenye njia ya baiskeli. Chupa nyingi za plastiki na makopo yana senti 25 za kurudishiwa dukani, ukiwa huzihitaji ziache kando ya pipa, si ndani, kwa ajili ya anayeziokota. Dharura ya mgonjwa ni 112, polisi 110, na ukihitaji daktari usiku kwa jambo lisilo la kufa na kupona ni 116117.

Jumapili maduka hufungwa. Jumapili yangu ya kwanza nilikuwa na vitunguu viwili na chumvi. Fanya manunuzi Jumamosi, na ukisahau, stesheni kuu ina maduka yanayofunguliwa. Jumapili pia usipige nyundo wala usiwashe muziki kwa sauti.

Kisha giza. Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, nawe unaingia zamu gizani na kutoka gizani. Huzuni itakayokupata Januari usiihesabu kuwa ndiyo maoni yako juu ya mji. Toka nje mchana kila siku ya mapumziko, hata kukiwa na mawingu, na mwambie daktari akupime vitamini D. Vaa nguo nyembamba kadhaa badala ya koti moja zito, na fedha nyingi uiweke kwenye viatu. Usifanye uamuzi wa kurudi nyumbani kabla ya Mei. Mwezi wa Juni jua litakuwa bado lipo saa tatu usiku, na watu wale wale waliokuwa kimya kwenye treni utawakuta wamelala majanini bustanini wanacheka. Nyumbani unapowapigia, kumbuka wako mbele kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Mama alinipokea mara kadhaa kwa sauti ya usingizi kabla sijaizoea tofauti hiyo.

Wewe si wa kwanza kufika hapa ukiwa na Kiswahili mdomoni. Amur bin Nasur wa Zanzibar alikifundisha Berlin miaka ya 1890, akaandika habari za aliyoyaona. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja kukifundisha mwaka 1900, na alifariki humu humu mwaka 1927. Kwenye jumba la makumbusho ya viumbe amesimama mjusi mkubwa wa kale, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, na kubebwa na watu wetu mpaka pwani kati ya mwaka 1909 na 1913. Nenda umwone. Mimi nilisimama chini ya shingo yake muda mrefu.

Jumapili ya mapumziko, panda treni ya U6, shuka Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Utakuta barabara ya Zanzibar, ya Uganda, ya Kongo, majina yanayotokana na ukoloni. Moja iliitwa Petersallee, na iliwekewa jina la Carl Peters, mtu aliyemwaga damu kwetu. Baada ya miaka mingi ya madai, mwaka 2024 kibao kilibadilishwa, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Ipige picha uipeleke nyumbani, wasome wenyewe. Siku za kazi ukipita Wedding, maduka ya Kiafrika yana unga mweupe wa mahindi, muhogo wa barafu na bamia. Unga wa njano wa dukani ni wa chengachenga, ugali wake haushikani. Kwa mboga, wakati wa baridi nunua *Grünkohl*, ni ndugu wa sukuma wiki. Ikate nyembamba, kwa kuwa majani yake ni magumu, na uiache motoni muda mrefu kuliko ulivyozoea.